Iliyo Hai ni Mingapi?

Kila msimu wa mvua taarifa zinakuja kwa mtindo uleule. Halmashauri fulani imepanda miche laki kadhaa, mkoa fulani umevuka lengo, mgeni rasmi amepanda mti wa kumbukumbu na kibao chenye jina lake kimesimikwa pembeni. Tunasoma, tunapiga makofi, tunasubiri mwaka mwingine. Lengo la Tanzania linajulikana: kila halmashauri ipande miche milioni 1.5 kwa mwaka. Kenya imekwenda mbali zaidi. Novemba 13, 2023 ilitoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miche milioni 100, na imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kwa wote wanaoshika kipaza sauti kutaja namba hizo nina swali moja tu. Ile ya mwaka juzi, iliyo hai ni mingapi?

Jibu la kuthibitika ni vigumu kulipata, kwa sababu ni nadra mtu kutumwa kurudi kuangalia. Hesabu yetu ya miti mara nyingi inaishia siku ya kupanda, saa ile magari yanapoondoka. Ukipita eneo hilo miezi sita baadaye, Julai, utakuta mashimo yenye kina cha kiganja, viriba vyeusi vikipeperushwa na upepo, mche mmoja umepandwa na kiriba chake bila kuchanwa kwa sababu mpandaji alikuwa anakimbilia picha ya pamoja. Mbuzi wamekwishapita. Mwaka unaofuata, msafara mwingine unaletwa palepale, mashimo yanachimbwa upya, na miche inahesabiwa mara ya pili kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kuwepo. Kwenye kabrasha la wizara eneo hilo limepandwa mara mbili, na kwenye ardhi ni jangwa lilelile.

Sina ugomvi na kupanda miti. Nina ugomvi na kupanda kunakotumika kufunika aibu ya kutojua hali ya misitu iliyosimama. Msitu wa asili, ule ambao hakuna waziri aliyeupanda, ndio unaotunyweshea maji, unaotulishia nyuki, unaotupatia mbao na dawa. Na huo ndio unaokwisha huku sisi tumegeuzia macho bustani ya miche.

Tupige hesabu kidogo. Tathmini kubwa ya misitu ya Tanzania Bara iitwayo NAFORMA, ambayo ripoti yake ilitoka 2015, ilitupa picha ambayo taifa halikuwahi kuwa nayo: hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Bara. Ilitupa pia habari mbaya, kwamba kati ya 1995 na 2010 tulikuwa tunapoteza wastani wa hekta 372,816 kila mwaka. Hesabu zilizofuata, zilizotumika katika taarifa ya taifa ya hewa ukaa, zilipandisha namba hiyo hadi hekta 469,420 kwa mwaka. Sasa chukua halmashauri 184, kila moja itimize lengo lake la miche milioni 1.5 pasipo pungufu hata mche mmoja. Ni miche milioni 276. Ipande kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, kila hekta itameza miche 1,100 hivi. Unapata hekta kama 250,000. Hapo nimekubali kila namba ya kila ofisa, na nimekubali kwamba hakuna mche utakaokufa, hakuna mbuzi, hakuna moto, hakuna kiangazi. Hata katika nchi hiyo ya ndoto, kupanda kunafikia nusu tu ya kinachopotea. Basi kwa nini kila senti na kila kamera vinakimbilia kwenye mche, na huyu anayelinda hekta milioni 48 hana hata buti?

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. NAFORMA ilikuwa daftari. Ilichukua miaka ya kazi ya porini, kwa msaada wa Serikali ya Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, watu wakipima maelfu ya ploti kutoka Kagera hadi Mtwara. Ilituambia jambo ambalo kila mwananchi alipaswa kulijua kwa kichwa: misitu yetu inaweza kuvunwa mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka bila kuumia, sisi tunahitaji milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 tunalijaza kwa kula mtaji. Lakini kupima mara moja hakumwambii mtu kama mgonjwa anapona au anakufa. Mtoto akizaliwa tunampa kadi ya kliniki, mama anamrudisha kila mwezi, muuguzi anaweka nukta juu ya nukta, na ni ule mstari unaopanda au kushuka unaoleta uamuzi. Tumekubali kanuni hiyo kwa mtoto. Kwa msitu unaonyesha mvua wilaya nzima tunaona nukta moja inatosha, tena iliyowekwa kwa fedha za wafadhili.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Katika vijiji vilivyotenga msitu wao wa hifadhi, hufanywa na watu wa kamati ya maliasili, wanawake na wanaume, wenye kamba, utepe, daftari na kalamu ya risasi kwa sababu wino unavuja karatasi ikilowa umande. Wanafika kwenye alama ya katikati ya ploti. Mmoja anashika kamba pale katikati, mwingine anazunguka nayo umbali wa mita 15, na kila mti mkubwa uliomo ndani ya duara unazungushiwa utepe kwenye usawa wa kifua, sentimita 130 kutoka ardhini. Jina la mti linaandikwa kama linavyotamkwa pale kijijini, na bwana misitu atatafuta la kisayansi baadaye. Mpaka hapo mtu yeyote anaweza. Utaalamu unaonekana wanapoinama. Kisiki hiki cha mninga bado kina utomvu mwekundu au kimekauka na kuota uyoga? Msumeno wa mkono au wa mafuta? Yale ni matairi ya pikipiki, na yanaelekea wapi? Udongo huu mweusi ulioinuka ni tanuru la mkaa la mwaka huu au la zamani? Moto ulipita lini, na uliunguza magome hadi kimo gani? Je, kuna machipukizi? Mninga mchanga una tabia ya kufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini, mpaka siku unapopata nguvu ya kuinuka. Mtu wa mjini akipita atasema hakuna kitu. Mama aliyezaliwa pale atakuonyesha ishirini.

Kuna watakaonijibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna setelaiti. Nazijua. Tangu 2008 picha za Landsat zinapatikana bure kwa mtu yeyote, na jozi ya Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku tano, ikiona vipande vya ardhi vya mita kumi kwa kumi. Ni chombo kikubwa na ni upumbavu kutokitumia. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya shamba la ufuta, setelaiti italiona shamba kabla ya mkuu wa wilaya. Lakini misitu mingi ya nchi hii haifi kwa kufyekwa siku moja. Inafilisika kidogo kidogo. Wavunaji haramu wanaingia misitu ya miombo kuchukua mninga, wanarudi kuchukua mkongo, wanarudi tena kuchukua mpingo, na miti isiyo na soko wanaiacha imesimama. Kutoka angani ni kijani kitupu. Mpingo si mti mrefu, mara nyingi umepinda, umejificha chini ya majirani zake. Ukiondolewa, jirani anatanua matawi na picha inafunga tundu. Tena miombo hupukutisha majani yenyewe wakati wa kiangazi, kwa hiyo picha ya Septemba inaweza kukuonyesha uharibifu usiokuwepo na kukuficha uliopo. Setelaiti itakwambia mahali pa kwenda. Kwenda ni kazi ya miguu.

Na miguu hiyo ipo, ina uwezo, na hilo lilikwishathibitishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walifanya kazi na wanakijiji wa Kitulangalo, Morogoro, wakawafundisha kupima miti kwa ajili ya kukadiria hewa ukaa, wakalinganisha na vipimo vya wataalamu. Matokeo yalikaribiana sana, na gharama ya wanakijiji ilikuwa ndogo. Ni zaidi ya miaka 15 sasa. Matokeo kama hayo yangetosha kubadili bajeti katika nchi inayochukulia misitu yake kwa uzito. Kwetu yaliishia kwenye maktaba, na wale waliofundishwa wanaendelea kulinda msitu kwa kujitolea, neno ambalo katika ofisi zetu lina maana ya kufanya kazi bila kulipwa huku aliyelipwa akisaini posho ya semina.

Wanaodhani ulinzi usio na sherehe hauzai kitu, waende Shinyanga. Mkoa ule ulikuwa umekaangwa. Miti ilifyekwa enzi za vita dhidi ya mbung'o, kisha zikaja pamba, ng'ombe na kuni. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ulianza na vitalu vya miche kama kawaida ya miradi. Kilichokuja kuubadilisha mkoa ni kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho kabla ya mradi wowote, yaani ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Visiki vilikuwa bado hai ardhini. Vikaachwa, vikachipua. Sheria ndogo zikapitishwa, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikakaa kusikiliza kesi za waliovunja, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa uoto, na 2002 mpango huo ukapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Iliangaliwa. Kila mwenye ngitili alijua mpaka wake, alijua ng'ombe wa nani wameingia, alijua nyasi zimefika wapi. Huo ndio ufuatiliaji wa afya ya uoto, na ulikuwa ukifanyika katika Kisukuma kabla ya kuandikwa kwenye andiko la mradi.

Tukitoka msitu wa asili tukaenda kwenye mashamba ya miti, uzembe huu una bei inayoweza kuandikwa kwa fedha. Miaka ya 1960 ukungu wa Dothistroma uliunguza sindano za mipaini aina ya radiata hapa Afrika Mashariki kiasi kwamba Kenya na Tanzania ziliacha kuipanda. Halafu vikaja vidukari vya saipresi. Vilionekana Malawi 1986, vikafika Tanzania 1988, vikafika Kenya 1990. Mti unageuka kahawia tawi kwa tawi, kutoka ndani kwenda nje, na vidukari hivyo havikuishia kwenye saipresi ya kigeni tu. Viliuvamia pia mtarakwa, mti wetu wa milimani. Nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari hivyo waliachiwa katikati ya miaka ya 1990, vidukari vikiwa vimeshasambaa. Mwaka 2002 mdudu mwingine, Leptocybe invasa, akaonekana kwenye mikaratusi ya Kenya na Uganda, akivimbisha mishipa ya majani machanga hadi mche unadumaa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Tanzania.

Tazameni mpangilio wa miaka hiyo. Kila mara mdudu ametembea mchana kweupe, nchi hadi nchi, na kila mara mkulima ndiye aliyelipa. Leo Mufindi, Njombe na Makete zimejaa watu wa kawaida waliotia akiba yao ya maisha kwenye ekari mbili tatu za mipaini, wakitegemea kusomeshea watoto. Mti ukianza kukauka kileleni, mkulima huyo anampigia nani simu? Nani anakuja kukata tawi, kulitia kwenye mfuko, kulipeleka maabara, na kumrudishia jibu kabla mzigo mwingine wa miche haujatoka kwenye kitalu kilekile? Utafiti wa misitu tunao, wataalamu tunao, na baadhi yao ni hodari sana. Tunachokosa ni kamba ya kuwaunganisha na yule aliyesimama chini ya mti unaokauka. Ofisa ugani mmoja wa misitu kwa kata nyingi, bila pikipiki au mwenye pikipiki isiyo na mafuta, hawezi kuwa mfumo wa tahadhari wa taifa. Kumpa jina hilo ni kumdhalilisha.

Najua hoja ya fedha. Imetumika kuua mambo mengi mema. Basi tuseme ukweli kuhusu fedha. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba taifa lilikuwa likitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, nusu yake ikichomwa Dar es Salaam peke yake. Mbao zinapita kila kizuizi barabarani. Kila gunia na kila ubao halali una ushuru, na kila haramu una rushwa. Fedha za msitu zipo barabarani kila usiku. Zinachokikosa ni njia ya kurudi zilikotoka. Sheria ya Misitu ya 2002 iliifungua njia hiyo. Kijiji kikitenga msitu wake kisheria na kuwa na mpango wa usimamizi, mapato ya mazao yake ni ya kijiji. Vijiji vya Kilwa viliitumia, vikapima mpingo wao, vikajua mti gani uvunwe na upi uachwe, na 2009 vikawa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya jamii kupata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Mnunuzi wa mbao za klarineti alikuwa tayari kuvifuata kwa sababu vilikuwa na hesabu ya kuonyesha. Wilayani Tanganyika, Katavi, vijiji vinane vinauza hewa ukaa ya msitu wa Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Hakuna mnunuzi wa kaboni anayelipa kwa hotuba. Analipa kwa doria zilizorekodiwa na hekta zilizothibitishwa kuwa bado zimesimama.

Kwa hiyo anayesema kufuatilia msitu ni gharama isiyobebeka ana mifano miwili mezani inayomkanusha, na yote ni ya Tanzania. Kinachokosekana ni nia, kwa sababu kupima kuna matokeo yasiyopendwa. Msitu ukipimwa kila mwaka, mtu atatajwa. Visiki vitakuwa na tarehe. Itajulikana kwamba vibali vilitolewa kwa miti 40 na vikabaki visiki 200, itajulikana lori lilipita mwezi gani na nani alikuwa zamu getini. Kupanda miche hakumtaji mtu yeyote, na ndiyo maana kunapendwa.

Nadai mambo ambayo yanaweza kufanyika mwaka huu. Halmashauri isiruhusiwe kutangaza miche iliyopanda mpaka itangaze kwanza iliyo hai kati ya ile ya miaka mitatu iliyopita, eneo kwa eneo, kwa jina la kijiji. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye tayari anakagua shilingi zilizonunua miche na ana mamlaka ya ukaguzi wa ufanisi, atume wakaguzi wake wakahesabu miti yenyewe. Ploti za kudumu za NAFORMA zilizowekwa kwa jasho la miaka ile zirudiwe kupimwa kwa ratiba iliyoandikwa kwenye bajeti ya Serikali, siyo kwa kusubiri mfadhili. Takwimu zake zitolewe kwa Kiswahili, lugha ambayo mjumbe wa kamati ya maliasili anaisoma, maana ni yeye aliyezikusanya. Na mlinzi wa msitu wa kijiji alipwe posho kwa kila doria iliyoandikwa, apewe buti, bima ya afya na kifaa cha GPS cha kurekodi mahali, kwa sababu anakutana na wenye misumeno na mapanga porini bila askari nyuma yake.

Jambo la mwisho linawahusu wananchi wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Daftari la msitu lisomwe hapohapo, baada ya mapato: ploti ngapi zimepimwa robo hii, visiki vipya vingapi, moto umeingia wapi, nani amekamatwa na faini imekwenda kwenye akaunti gani. Mwenyekiti akisema daftari limesahaulika ofisini, mkutano uahirishwe alifuate. Na diwani atakayeinua mkono kupitisha fedha za miche bila fungu la doria na vipimo, aitwe kwenye mkutano huo, asimame, aeleze mbele ya watu anaotaka wamchague tena.